Harusi Mbili Zilizovunjika kwa Kicheko

Katika filamu ya Swing Time kuna jozi mbili za wachumba, na hakuna hata moja inayofika kwenye ndoa. Bwana harusi wa kwanza anachelewa harusi yake mwenyewe mpaka wageni wanachoka na kuondoka. Bibi harusi wa pili anabadili mawazo saa ya kufungishwa ndoa ikiwa imeshafika. Kwa hesabu za kwetu hayo ni maafa mawili ya kuzungumzwa na ukoo hadi wajukuu. George Stevens, aliyeongoza filamu hiyo mwaka 1936 kwa studio ya RKO, aliyafanya kichekesho cha dakika 103 na katikati akapanga dansi ambazo sijaona nyingine za kuzishinda.

Nimeirudia mwaka huu kwa sababu ya mpwa wangu. Ameposwa, mahari imeshapokewa, na yeye na mchumba wake wameamua kwamba usiku wa harusi watafungua muziki kwa waltz, ile ya kushikana na kuzunguka, badala ya kuingia na kwaito kama kila mtu. Wanajifunzia sebuleni kwangu kwa kuwa makochi ya kwangu ni machache. Wanasogeza meza, wanaegemeza simu kwenye chupa ya maji, wanaanza kuhesabu moja, mbili, tatu.

"Mjomba, si tunaambiwa wewe ulikuwa mtu wa dansi? Tusaidie basi."

Dansi niliyoikuta mimi mjini ilikuwa ya bendi za Sikinde na Msondo, kila mtu na kiuno chake. Waltz naijua kwa macho tu. Msaada pekee niliokuwa nao ulikuwa filamu, na kwa kuwa hakuna anayemkatalia mjomba katika nyumba ya mjomba, wakakaa wakatazama.

Lucky Garnett, anayeigizwa na Fred Astaire, ni mcheza dansi wa jukwaani na mcheza kamari. Siku anayotakiwa kumwoa Margaret, wenzake wa kikundi wanaona riziki yao inaondoka na bibi harusi. Wanachukua picha katika jarida la mitindo, wanaichorachora kwa kalamu, kisha wanamwonyesha: suruali ya bwana harusi siku hizi lazima iwe na mkunjo chini, yako haina. Suruali inakimbizwa kwa fundi, fundi anagoma kuiharibu, na saa zinakwenda. Mwanamume anakosa harusi yake kwa sababu ameketi bila suruali akisubiri kitu ambacho hakikuhitajika.

Astaire aliyajua mambo hayo kutoka upande wa waliobaki. Tangu utotoni alikuwa akicheza na dada yake mkubwa, Adele, na miaka ile ya New York na London Adele ndiye aliyependwa zaidi. Mwaka 1932 Adele aliacha jukwaa akaolewa Uingereza na Lord Charles Cavendish, na kaka mtu akabaki hana wa kucheza naye. Ndipo akaenda Hollywood. Mwaka 1933 alionekana kwa mara ya kwanza pamoja na Ginger Rogers katika Flying Down to Rio. Swing Time ni ya sita kati ya filamu kumi walizofanya pamoja. Ninapowaona wale wacheza dansi wakimfanyia hila mwenzao ili asioe, nawaona wajinga, lakini naelewa wanachokiogopa.

Baba yake Margaret, ambaye ni hakimu, amekasirika. Lucky anajitetea kwamba ana uwezo wa kupata fedha, naye mzee anamwambia aende New York, akirudi na dola 25,000 watazungumza. Wakati huo Marekani ilikuwa bado haijatoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na gari jipya la Ford lilipatikana kwa chini ya dola 700. Kwa maneno mengine, mzee alimtajia kijana magari zaidi ya 30. Mchumba wa mpwa wangu aliguna. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia jambo hilo. Naye aliwahi kuketi mbele ya wazee akasikiliza bei ikitajwa.

Lakini kuna kitu nilikitafuta katika filamu hiyo nisikione: mshenga. Hakuna mtu mzima wa kwenda na kurudi, wa kupokea neno kali upande huu na kulifikisha upande ule likiwa limelainika. Lucky ana rafiki mzee, Pop, ambaye kwa tabia ndiye mshenga mbaya kuliko wote niliopata kuwaona. Anaiba, anasahau, na siri moja kubwa aliyokabidhiwa anaitoa mdomoni kwenye theluji, mbele ya mtu asiyetakiwa kabisa kuisikia. Karibu kila tatizo la hadithi hii lingemalizwa na shangazi mmoja mwenye busara na kikombe cha kahawa. Ndiyo maana inachekesha.

Mtu asiyetakiwa kusikia ni Penny Carroll, yaani Ginger Rogers, mwalimu katika shule ya dansi mjini New York. Lucky anakutana naye barabarani, wanagombana kwa sababu ya sarafu, kisha anamfuata mpaka kazini. Huko anajifanya mwanafunzi asiyejua hata kunyanyua mguu. Anajikwaa, anaanguka, anamwangusha na mwalimu. Penny anachoka, anamwambia asipoteze fedha zake kwa kuwa hatajua kamwe. Mwenye shule anasikia mwalimu akifukuza mteja, naye anamfukuza kazi palepale.

Watu hukumbuka kinachofuata, na wana haki. Ili kumtetea, Lucky anamwambia mwenye shule atazame mwalimu huyu amemfundisha nini, kisha anamshika Penny na ghafla yule goigoi anaruka kama aliyezaliwa juu ya sakafu ile. Uso wa Rogers sekunde hizo unastahili kutazamwa peke yake: mshangao, hasira, halafu furaha ya fundi aliyekutana na fundi mwenzake. Mimi nilisimamisha filamu kabla ya hapo. Nilitaka tukae kidogo na ule mshahara uliopotea. Utani ulikuwa wa Lucky, bei akalipa Penny. Mwaka 1936 msichana anayejilipia chumba New York asingeuchukulia wepesi.

"Si angesema tu anajua kucheza," alisema mpwa wangu.

"Basi pasingekuwa na filamu," akajibu mchumba wake.

Nikawaacha wabishane. Ni swali ambalo wachumba wangefaidika kulibishania kabla ya kuchagua rangi ya mapambo: mwenzangu akinivutia kwa ujanja, nani analipa?

Astaire alikuwa na masharti mawili juu ya kamera, na ukiyajua hutazami tena video za muziki kwa namna ileile. Alitaka aonekane mwili mzima, kichwa hadi kidole cha mguu, na alitaka dansi ipigwe kwa mkupuo mrefu bila kukatwakatwa. Kamera haitakiwi kukimbilia uso wa mtazamaji anayeshangilia wala kuganda kwenye viatu. Kwa hiyo hakuna pa kuficha kosa. Katika waltz ya filamu hii, iliyojengwa juu ya tuni za Jerome Kern, mtunzi wa nyimbo za filamu hii, wanapita kasi hivi kwamba unamsubiri mmoja ateleze, na hatelezi. Hawasemi neno. Hapo hadithi inasimama, na bado ukimaliza kuitazama unajua mengi zaidi juu ya watu wale wawili kuliko ulivyojua kabla.

Kuna msemo maarufu kwamba Rogers alifanya yote aliyofanya Astaire, ila kinyumenyume na juu ya visigino virefu. Wengi hudhani aliusema mwenyewe. Ulitoka kwenye katuni ya Bob Thaves ya mwaka 1982. Ni msemo mzuri lakini unamsifia miguu tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitikia. Katika dansi ya aina hii mwanamume ndiye anayeongoza, na wanaoanza hudhani kuongoza ni kuvuta. Mchumba wa mpwa wangu alikuwa hivyo: akisahau hatua, anaukaza mkono wa mwenzake, kana kwamba yeye ndiye aliyesahau. Mpwa wangu alikuwa akimaliza mazoezi vidole vinamuuma. Ukimtazama Astaire vizuri, mkono wake umelegea. Anakotaka kwenda anakutangaza mapema kwa kifua na bega, halafu anasubiri kidogo, kama anayebisha hodi, mpaka mwenzake aseme karibu. Kijana aliliona hilo mwenyewe, sikumwambia. Alirudisha nyuma kipande kilekile mara kadhaa, kisha akamwomba mwenzake radhi ya vidole, kwa sauti ya chini, akidhani mimi niko jikoni.

Sasa tuje kwenye aibu ya filamu hii, kwa sababu kuinyamazia kungekuwa uongo. Kuna dansi moja, Bojangles of Harlem, inayokusudiwa kumheshimu Bill Robinson, gwiji wa dansi ya kugonga viatu, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Richmond, Virginia. Ustadi wa kamera wa dansi ile ni wa ajabu: nyuma ya Astaire vinasimama vivuli vyake vitatu vikubwa, vinacheza naye, mwisho vinashindwa kumfuata na kuondoka. Lakini Astaire mwenyewe amejipaka uso mweusi. Alijifunza kwa watu weusi, hasa John W. Bubbles, ambaye wajuzi wanasema ndiye anayeonekana zaidi katika miguu yake siku ile kuliko Robinson. Heshima yenyewe inaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo Bubbles na Robinson walikuwa hai, walikuwa wakifanya kazi, na rangi ikachukuliwa koponi badala ya kuwaita wenyewe. Mpwa wangu aliniuliza kama turuke kipande hicho. Tulikitazama chote. Sikufurahi, na bado vile vivuli sijavisahau.

Turudi kwa Lucky. New York inamkubali. Anacheza na Penny kwenye kumbi kubwa, kamari inamwendea vizuri, fedha zinaongezeka. Halafu linatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu. Siku moja yuko mezani, bahati iko upande wake, na anatambua kwamba akishinda tena atafikisha dola 25,000. Anarudisha mkono haraka, anaondoa fedha zake mezani. Akifikisha, itambidi arudi kumwoa Margaret.

Tulicheka sote watatu. Mimi nilicheka nikiwa nimeshtuka kidogo, maana nimewaona wanaume wa namna hiyo, tena waungwana. Hawavunji ahadi. Wanachofanya ni kuhakikisha ahadi haiivi: nyumba haiishi kujengwa, cheti hakitoki, mjomba wa kupeleka barua yuko safarini. Mwaka unapita, wa pili unapita, binti anasubiri, na ukimuuliza kijana atakuapia kwamba neno lake liko palepale. Lucky anaweza kusema lolote kwa miguu. Kwa mdomo anashindwa kusema sentensi moja kwa wanawake wawili: kwa Margaret, kwamba moyo umehama, kwa Penny, kwamba yuko mwingine aliyemwahidi. Penny anaisikia kwa Pop. Watu wanamwonea huruma Lucky kwa sababu ni Astaire. Mimi kadiri ninavyozeeka, huruma yangu inahamia kwa wanaosubiri jibu.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ambayo harusi yake haikufanyika. Kadi za mchango zilikuwa zimegawiwa, ukumbi umelipiwa nusu, sare za wanawake zimeshakatwa. Binti akamwita shangazi yake chumbani, akamwambia hawezi. Hakukuwa na kosa la kutangaza. Kijana hakuwa mlevi, hakuwa na mke wa siri, hakuwahi kumnyanyulia mkono. Binti alisema tu kwamba wakiwa wawili hawana la kuambiana, na kwamba amengoja uchumba mzima hilo libadilike.

Wazee walitaka sababu kubwa kuliko hiyo. "Sasa watu tutawaambia nini?" aliuliza mmoja, na swali hilo likatawala kikao chote. Ningependa kusema kuna aliyeuliza wawili wale wangeishi vipi ndani ya nyumba moja kwa miaka 40. Hakuna. Tulijadili mwenye ukumbi, ambaye alisema wazi kwamba malipo ya awali hayarudi. Tulijadili mpishi. Tulijadili, kwa muda mrefu usio na kiasi, keki.

Waliobaki walikuwa wachangiaji, na hao walikuwa mzigo wangu. Nilianza kuwapigia mmoja mmoja, daftari mkononi, nikiwa nimejiandaa kwa masimango. Wengi waliniambia niache, binti asije akajiona anadaiwa na mtaa. Mama mmoja anayeuza vitumbua alinijibu tofauti. "Baba, mimi nilichangia furaha. Kama furaha haipo, nirudishie nikanunue unga." Alichukua yake yote, akashukuru, hakuuliza kilichotokea. Mpaka leo sijasikia hotuba ya harusi iliyonifundisha zaidi ya simu ile. Alijua hasa alichokuwa amekitolea fedha.

Na mshenga, mzee wa watu, alikwenda upande wa pili. Alirudisha mahari kwa hesabu, mbele ya mashahidi, akarudi na maneno mazuri kuliko yale tuliyomtuma nayo. Mambo yaliisha kwa mwezi mmoja hivi. Ule mwaka wa fedheha tuliouogopa haukufika.

Nilikumbuka yote hayo nilipofika kwenye Never Gonna Dance, dansi ya kuagana. Ukumbi mtupu, usiku, ngazi mbili zinazopinda kuelekea juu. Penny ameshamkubali kiongozi wa bendi, Ricardo Romero. Lucky hana hoja tena, kwa hiyo wanatembea tu, halafu kutembea kunageuka hatua, na hatua zinakumbusha dansi zao zote za nyuma kwa vipande vipande. Mwisho Penny anazungushwa kwa kasi na kutoka. Wanasimulia kwamba sehemu ya mwisho ilirudiwa mara 47 katika siku moja, hadi miguu ya Rogers ikavuja damu ndani ya viatu. Rogers hakuacha. Mpwa wangu, aliyekuwa amejinyoosha kwenye zulia, aliketi.

Baada ya huzuni hiyo anaingia mtu ambaye wapenzi wa filamu hii hawamtaji. Margaret amesafiri mpaka New York. Lucky anajiandaa kusema lile aliloshindwa kulisema tangu mwanzo, naye Margaret anamtangulia: amependa mtu mwingine, uchumba uishe. Hakuandika barua na hakumtuma baba yake hakimu. Amekuja mwenyewe, akasema, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka wanashikilia viti. Hakuna aliyeibiwa. Walikuwa wameshikilia kamba ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameifunga shingoni.

Baada ya hapo filamu inakwenda mbio kuelekea mwisho. Harusi ya Penny na Romero iko tayari, Lucky na Pop wanamletea Romero hadithi ileile ya suruali isiyo na mkunjo, na Romero anaachwa hana cha kuvaa. Kicheko kinasambaa chumba kizima, Penny naye anacheka, na akishaanza kucheka hawezi tena kuolewa na Romero. Simpendi Lucky hapo. Romero alikuwa mtu wa kawaida aliyependa, na angestahili kuambiwa na mtu aliyevaa suruali. Lakini naona Stevens alichokitaka: Penny hatolewi ukumbini kwa nguvu, wala hadai kwamba ametekwa. Anacheka mbele ya watu wote na kubadili mawazo yake.

Mpwa wangu aliuliza Margaret aliolewa na nani. Filamu haisemi. Inamwacha akicheka na kurudi kwake.

Nilichoweza kumweleza ni habari za mwigizaji mwenyewe. Aliitwa Betty Furness. Baadaye alijulikana Marekani nzima kwa matangazo ya majokofu kwenye televisheni, na mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa msaidizi wake maalumu wa masuala ya walaji. Akiwa bado kwenye wadhifa huo, mwaka 1968, Marekani ilipitisha sheria inayomtaka mkopeshaji amweleze mkopaji gharama yote ya mkopo kabla hajatia saini.

"Kazi ilimfaa," alisema mpwa wangu, kisha akamgeukia mchumba wake akamuuliza ile nyumba ya Mbezi kodi yake ni kiasi gani hasa, kwa sababu mpaka siku ile alikuwa anatajiwa bei tofauti tofauti.